Sega la Jiko na Mbegu za Mama

Kabla kifua chake hakijaharibika, mama yangu alikuwa na vigelegele ambavyo kijiji chetu kizima cha Msanzi kilivijua. Maharusi wakitoka kanisani, wanawake walinyamaza kidogo kumsubiri yeye aanze, ndipo nao wapokee. Hakuwa na mwili mkubwa, wala kwaya haikuwahi kumtaka, lakini akipiga kigelegele hata mbuzi waliacha kutafuna. Kwenye harusi yangu mimi, binti yake wa pekee, alijitokeza mbele, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akafungua kinywa, kikatoka kikohozi. Alikohoa mpaka wakamletea kiti. Watu waliponiona nalia walidhani ni furaha ya bibi harusi, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Kilichomla kifua ni moshi. Alitulea mimi na kaka zangu kwa pombe ya ulezi, na pombe ya ulezi inataka kuni nyingi na subira nyingi, naye aliipika ndani ya jiko la nyasi lisilo na dirisha. Daktari aliyempima Sumbawanga hakuzunguka. Alisema mapafu yamechoka, dawa zitasaidia kidogo, lakini akiendelea kukaa penye moshi hatafika mbali. Nikamwuliza hatafika mbali maana yake nini. Akaanza kuandika dawa. Siku hiyohiyo nikaamua kwamba mama harudi Msanzi, atakaa kwangu mjini.

Sikumwomba, nilimwambia. Nina ulimi mkali, najua, na waliofanya kazi na mimi ofisini wanajua zaidi. Nilimwambia kwangu hakuna moshi, na moshi hautaingia, na yeyote atakayewasha hata kijiti cha ubani atanitambua.

Na kweli kwangu moshi haukuwepo, ingawa moto ulikuwepo. Anayedhani nchi hii yote ni joto hajaamka Sumbawanga mwezi wa saba, upepo wa mashariki unapopita uwandani bila kizuizi na kuingia mpaka chini ya blanketi. Wengi hapa huingiza jiko la mkaa chumbani na kumwachia Mungu mengine. Mimi nina jiko la chuma la kuni, lenye mlango wa kioo na miguu minne mifupi, zito kama ng'ombe aliyelala. Niliachiwa na mtaalamu mmoja wa mifugo, mgeni kutoka nchi ya theluji, niliyekuwa mhazili wake kwa miaka kadhaa. Alipoondoka aliniambia nichague jiko au friji. Kaka zangu bado wananicheka kwa nilichochagua.

Wangeona kilichomo ndani yake wasingecheka. Juu kabisa, chini ya kifuniko, mna kitu kama tofali dogo la udongo, lenye mamia ya matundu membamba yaliyopangana kwa usawa, na humo ndani pamepakwa madini ambayo macho hayawezi kuyaona. Yule mgeni alikuwa na jina refu la kukiita. Mimi nilikiita sega, kwa sababu ukikishika mkononi ndivyo kilivyo, sega la nyuki lisilo na asali. Sega hilo likipata moto wa kutosha, moshi unaopita kwenye matundu yake unaungua upya. Kile ambacho kingetuwasha macho na kumla mama kifua kinageuka joto. Siku za kwanza nilikuwa natoka nje kila baada ya dakika tano kutazama bomba la moshi juu ya bati. Hakuna kitu, hewa inatetemeka tu. Jirani aliniuliza kama moto umezimika, na mimi nilijisikia kama niliyeutengeneza ulimwengu.

Lakini sega lina masharti, na yule mgeni aliniandikia kwenye karatasi niliyoibandika ndani ya mlango wa kabati. Unawasha kilango cha juu kikiwa wazi, ili moshi wa mwanzo uende moja kwa moja kwenye bomba. Unasubiri mshale wa kipimajoto ufike kwenye alama. Ndipo unavuta mkono wa pembeni, kilango kinajifunga, na moshi unalazimika kupita kwenye sega. Usichome plastiki, wala mbao zenye rangi, wala kuni mbichi. Mara kwa mara, jiko likiwa limepoa kabisa, unalitoa sega kwa mikono miwili na kulipangusa kwa brashi laini ya rangi, kamwe si kwa waya. Majivu ya kijivu ni ya kawaida. Masizi meusi, ilisema karatasi, maana yake mtu anafunga kilango kabla ya wakati.

Mama alifika kwangu mwishoni mwa mwezi wa tano, akiwa na begi la nguo na kiroba cha mahindi ya magunzini. Nilimwuliza ya nini, sokoni mahindi yamejaa.

"Hayo si ya kula. Ni mbegu."

Nikakisukuma kiroba stoo na sikukiwaza tena. Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha jiko. Aliketi mbele yake, akanitazama nikiwasha, nikisubiri, nikifunga kilango. Sega likaanza kuwaka jekundu. Akainuka, akatoka nje taratibu, akainua uso kutazama bomba, akarudi.

"Moshi umekwenda wapi?"

"Jiko limeula."

"Limekula moshi wake lenyewe?"

"Lenyewe."

Akatikisa kichwa. Babu yake alikuwa mhunzi, na porini karibu na kwao bado kuna mabaki ya tanuri ndefu za udongo ambazo wahenga wetu waliyeyushia chuma. Alisema babu yake alizisifu tanuri hizo kwamba zilijivutia upepo bila mivukuto, lakini hata yeye hakutaja tanuri iliyokula moshi. Kisha akavuta kiti pembeni, mbali kidogo, na kutangaza, "Mimi hilo dubwana lenu siligusi."

Nilimwamini. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Wiki mbili tatu mambo yalikwenda vizuri. Kikohozi chake kilipungua mpaka nikaanza kumsikia akiimba nyimbo za kanisani anapochambua maharage. Kisha katikati ya mwezi wa sita nikarudi kutoka kazini jioni moja na mapazia yananuka moshi. Kesho yake tena. Na mama akaanza kukohoa upya, kile kikohozi cha kuinama na kushika meza.

Mimi nikikasirika huwa natafuta wa kumlaumu kabla sijatafuta sababu. Nilianza na mwuza kuni. Nilimwita, nikampigia kipande cha kuni ya mti wa mtundu ukutani mbele yake nikimwambia kuni zake mbichi. Kipande kililia kavu kabisa, ngo, ngo, na yeye akaniuliza kwa upole kama nataka apige kingine. Nikahamia kwa fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Majengo aliyenifungia bomba. Alikuja, akaligonga bomba juu mpaka chini, akachungulia.

"Dada, bomba ni zima. Labda hilo dude lako la ndani ndilo limekufa."

Nilimjibu vibaya, lakini maneno yake yaliniingia. Jumamosi, jiko likiwa baridi, nilifungua kifuniko na kulitoa sega. Lilikuwa jeusi. Si kijivu, jeusi, matundu nusu yameziba kwa masizi. Karatasi ya kabatini niliisoma tena, na nilipofika kwenye mtu anayefunga kilango kabla ya wakati nikacheka kwa hasira, maana mfungaji wa kilango ni mimi peke yangu, na mimi sikosei. Nikahitimisha kwamba sega linakufa. Sega jingine la namna hiyo halipatikani Sumbawanga, wala Mbeya, na yule mgeni alishaacha kujibu barua. Nilimtazama mama akikohoa dirishani, nikairudia karatasi.

Mwisho wa karatasi kulikuwa na njia moja ya kujaribu sega linapochoka: kulichemsha taratibu katika siki nyeupe na maji safi yasiyo na chumvi, kisha kulichemsha tena katika maji matupu, kisha kuliacha likauke lenyewe. Nikanunua siki maduka matatu ya Majengo, nikakinga maji safi ya kuongezea betri kwa fundi wa magari, nikalichemsha kwenye sufuria yangu ya harusi. Nyumba ikanuka achari. Maji yakawa meusi kama chai ya msibani. Mama aliketi mlangoni akinitazama, kimya kuliko kawaida yake, na mara moja akasema, "Usijisumbue hivyo, mwanangu." Nilidhani ananionea huruma.

Nililitoa kwa haraka, kabla halijapoa, kwa koleo la kugeuzia maandazi. Kona moja ikagonga ukingo wa sufuria na kubanduka. Kipande kidogo tu, matundu kama kumi hivi, lakini kilipoanguka sakafuni nilihisi kama nimemvunja mtu jino. Nikakaa chini jikoni na kulia, mtu mzima mwenye miaka yangu, kwa kipande cha udongo.

Hata hivyo, kona ikiwa pungufu, sega lilipokauka na kurudishwa liliwaka jekundu kama siku ya kwanza. Nikatoka nje, bombani hewa inatetemeka tu. Nilifurahi siku tatu. Siku ya nne mapazia yakanuka moshi.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika ofisini saa nne asubuhi, tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Nilipofika uani niliona moshi unatoka kwenye dirisha la jikoni, taratibu, kama jikoni kwa mama kule Msanzi. Nikasukuma mlango.

Juu ya jiko ilikuwa imefungwa kamba toka msumari hadi msumari, na kwenye kamba yamening'inia mahindi mawilimawili, yamefungwa kwa maganda yake. Mlango wa jiko uko wazi kidogo, kilango cha juu kimefungwa moto ukiwa haujashika, na moshi wote, kwa kukosa pa kwenda, unamwagika chumbani. Na katikati ya moshi huo ameketi mama yangu, khanga yenye maji imefungwa puani, rozari mkononi, macho yanamtiririka. Yule asiyeligusa dubwana.

Nilifungua kilango, nikafunga mlango wa jiko, nikamvuta nje. Sitaandika yote niliyosema. Nilisema nimemtoa kwenye moshi kwa mikono yangu, naye anaufuata hadi kwangu. Nilisema anataka nimzike. Alikohoa mpaka akamaliza, akafuta uso, akaketi kwenye ngazi.

"Zimeanza kubunguliwa," alisema.

"Nini?"

"Mbegu. Nimekuta fukusi kwenye kiroba. Mbegu bila moshi zinaliwa. Huwa namaliza fungu moja tu la rozari, halafu nafungua kilango, nafungua madirisha, nazirudisha mbegu kirobani, natoka."

"Mama, mbegu zipo dukani! Nitakununulia mfuko mzima!"

Akanitazama kama ninayeongea lugha ya kigeni. Ndipo aliponieleza, kwa vipande, akipumzika kati ya kipande na kipande. Mahindi yale aliyapokea kwa mama yake, naye kwa mama yake. Ni meupe, mafupi, hayaogopi baridi ya kwetu. Wanawake sita wa ukoo wao huyapanda, na kila msimu unapokaribia huja kwake kuchukua, kwa sababu ndiye mkubwa na ndiye aliyekuwa na jiko la moshi. Wengine siku hizi wana majiko ya mkaa, wengine gesi. Asipoyahifadhi yeye hakuna mwingine.

"Mapafu ni yangu," alisema. "Mbegu si yangu."

Nilikuwa bado na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, na nikikiita kwa jina lake ni heshima. Nimemjua mama maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa ameshika wadhifa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikia? Neno moshi lenyewe ulishalipiga marufuku humu ndani."

Kisha, kwa sauti ya mtu anayesema jambo dogo, akaonyesha bomba kwa kidevu. Jiko lilikuwa linaanza upya, kilango wazi, na moshi mweupe mzito ulikuwa unatoka juu ya bati na kulala upande wa magharibi.

"Ule wa mwanzo," alisema, "kabla dubwana halijaanza kula. Kila asubuhi unakwenda bure. Nimeutazama sana."

Yaani wakati mimi nagombana na mwuza kuni, yeye alikuwa ameshalisoma jiko kuliko mimi niliyepewa karatasi. Nilimwita yule fundi wa Majengo, nikamwomba radhi kwanza, jambo lililomshangaza. Mama akamchorea kwa fimbo ardhini: kichanja cha wavu wa waya chenye paa la bati, kisimame upande wa magharibi wa bomba, maana upepo wa kiangazi hautoki kwingine. Fundi akauliza kiwe umbali gani. Mama akanituma mimi kupanda ngazi na kuweka mkono hewani wakati moto unashika, na kusali Salamu Maria tatu. Mahali ambapo mkono ungestahimili Salamu Maria tatu bila kuungua, ndipo mbegu nayo ingestahimili. Nikasali juu ya paa langu mchana kweupe, majirani wakiwa wametoka wote kunitazama.

"Poa," alisema fundi, akaweka alama.

Toka siku hiyo kazi ikawa yangu. Mama hakuruhusiwa jikoni mpaka sega limeshika. Hilo lilikuwa sharti langu na alilikubali. Kila alfajiri nilipanga kuni, nikawasha kilango kikiwa wazi, nikatoka nje na koti kuhakikisha moshi unapita kwenye kichanja. Nikirudi ndani na kushika mkono wa kilango, namsikia toka kitandani, "Bado! Hazijashiba!" Nasubiri. Baada ya muda, "Haya, funga." Naangalia mshale, uko kwenye alama. Kila siku. Nilimwuliza anajuaje akiwa chini ya blanketi. Alisema moto ukiiva unabadilisha sauti, na mpika pombe asiyesikia hilo ataunguza pombe. Mpaka leo nikiwa peke yangu nasikiliza kwanza, ndipo natazama kipimajoto.

Jumamosi nililitoa sega. Nililipangusa kwa brashi laini, tundu kwa tundu, karibu na dirisha ili nione mwanga upande wa pili. Mama alilishika upande wake kwa khanga. Majivu yalikuwa ya kijivu. Ile kona iliyobanduka ilibaki hivyo, na kila nilipoipitisha brashi yeye alitazama pembeni, na mimi nilitazama pembeni, kwa sababu tulijua kila mmoja sehemu yake.

Kikohozi kilipungua polepole. Sikuthubutu kukisifu. Daktari alisikiliza mgongo wake mwezi wa tisa, akasema hewa inapita kuliko mwanzo, lakini kilichoharibika hakitarudi. Mama alikuwa anavaa viatu na kumwuliza nesi kama kwao wameshaanza kulima matuta.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, mawingu yalipoanza kujikusanya, wanawake wakaja kwangu kutoka Msanzi. Walikuwa watano, wa sita ni mama. Kila mmoja alikuja na chombo chake, mmoja kibuyu, wengine ndoo na mifuko. Mama alikaa kwenye kiti uani kama hakimu. Nilipanda ngazi na kuteremsha mahindi, meusi kwa nje, yananuka moshi mtamu. Wakapukuchua. Mkubwa wao, mwanamke wa makamo ya mama mwenye meno yake yote, alichukua punje moja, akaiuma. Ikalia. Akaipasua, akatazama moyo wake, mweupe, mzima. Akachukua ya pili, na ya tatu kutoka kwenye gunzi jingine, kama anayetafuta kosa.

"Haina hata tundu moja," alisema. Kisha akatazama jikoni kwangu, kuta nyeupe, mapazia safi. "Huku mjini hakuna moshi. Nani amezikausha hizi?"

Nilikuwa nimefungua kinywa kusema ni mama. Lakini mama alishatangulia, ameninyooshea kidevu kama alivyolionyesha bomba.

"Huyo hapo."

Wote watano wakageuka kunitazama. Sikujua mikono yangu niiweke wapi, ilikuwa imejaa masizi. Na mama, aliyekuwa ameketi, akainuka. Nikamwona anajifunga khanga kiunoni, nikajua anachotaka kufanya, na nikataka kumwambia asijaribu, watu wapo, tafadhali asijaribu.

Alipiga kigelegele. Hakikuwa cha zamani. Kilikuwa kifupi, kina mkwaruzo, na mwishoni kilikatika kwa kukosa hewa. Lakini hakikuwa kikohozi. Aliketi tena, mkono kifuani, anacheka, na wale wanawake, kama zamani kanisani, wakapokea.